Jezi Namba Kumi ya Tumaini

Mkulima hapimwi kwa jembe alilobeba begani, hupimwa kwa tuta alilolimaliza. Yupo mtu ambaye kila asubuhi hushika jembe hili na kulitupa lile: huu mpini ni mfupi, ule una nundu, hili limelika makali. Jua humkuta bado anachagua, na shamba lake huwa pori. Mtu huyo wahenga walimtungia methali yake, na Mzee Rafaeli wa Magamba aliijua tangu utotoni. Kuijua hakukumsaidia.

Rafaeli alikuwa mzee wa kanisa na kocha wa Tumaini, timu ya vijana wa Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Msimu huo mchezeshaji wao wa siku zote, mwenye jezi namba kumi, alikwenda machimboni kutafuta dhahabu. Timu ikabaki kama ng'ombe wa plau wasio na wa kuwashika kamba. Ligi ya wilaya ilikuwa inabisha hodi. Bingwa angepanda ligi ya mkoa, na Magamba haikuwahi kupanda.

Ndipo Rafaeli alipomwona Pacifique kwenye mechi ya kirafiki kule Katumba. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama ufito na mkimya kama maji ya mtungini. Hakuwa na mbwembwe. Alipiga mpira mahali pasipokuwa na mtu, na mara mtu akatokea. Rafaeli alisimama kwa furaha, akamshukuru Mungu papo hapo.

Mama yake Pacifique, mjane aitwaye Séverine, hakufurahi upesi hivyo.

"Mzee Rafaeli, palizi imefika, na huyu ndiye mkono wangu," alisema. "Nikikupa, usimchezeshe leo na kesho ukamkalisha benchi. Atanirudia moyo umevunjika, na mahindi yangu yatakuwa yamemezwa na majani."

"Msimu mzima, mama Pacifique. Mungu ni shahidi yangu."

Jumapili iliyofuata jezi iliombewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Tumaini: anayekabidhiwa namba kumi hupiga magoti mbele ya kanisa, mchungaji huweka mkono juu ya jezi, na waumini huitikia amina. Pacifique alipoivaa, mabega yake yalipotelea ndani. Watoto wakacheka. Rafaeli naye alicheka.

Mechi ya kwanza Tumaini walifungwa bao moja. Pacifique alitoa pasi kwenye nafasi, winga wake akabaki amesimama akishangaa, na wapinzani wakaondoka na mpira mpaka wavuni.

Kabla Rafaeli hajafika nyumbani, simu yake ilikuwa inalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Kundi la WhatsApp la wapenzi wa timu lilikuwa limewaka moto. Aliyewaka kuliko wote alikuwa Deo, kinyozi mwenye sauti ya tarumbeta.

"Mzee, umetuletea shemasi uwanjani!" Deo alimwambia kesho yake, huku ananoa wembe. "Anautuma mpira kwa malaika! Heri wetu wa Magamba yuko hapa hapa. Mpe Heri jezi, uone."

Wateja waliosubiri zamu walicheka. Mmoja akadakia, "Nyie mwacheni mzee. Huenda malaika watashuka mechi ijayo."

Rafaeli alitoka bila kunyolewa. Wiki ile hakutulia. Akikaa, alisimama, akisimama, alizunguka nyumba. Alipiga magoti kuomba, lakini katikati ya sala alijikuta anapanga kikosi. Hata shambani mikono ilikataa kazi. Alianza na jembe moja, akasema ni zito. Akachukua la mkewe, akasema ni jepesi. Akarudi nyumbani kufuata la tatu.

Mkewe, Tereza, alijiinua kutoka kwenye mstari wake. "Baba, majani hayaulizi umeshika lipi," alisema, akainama tena.

Jumapili, Rafaeli alimwita Pacifique nje ya kanisa. Hakuweza kumtazama machoni. "Pumzika kidogo, mwanangu. Ni mechi moja tu."

"Sawa, mzee," alisema kijana. Aliikunja jezi vizuri, kona kwa kona, akaikabidhi kwa mikono miwili.

Jezi ikaombewa upya kwa ajili ya Heri, dereva wa bodaboda mwenye miguu ya upepo. Tumaini wakashinda. Deo akanyoa watu bure jioni ile, na Rafaeli akalala usingizi wa mtoto. Lakini mechi iliyofuata Heri alitaka kumpiga chenga kila mtu, pengine hata mwamuzi. Wakafungwa mabao matatu.

"Heri ni winga, mzee!" Deo alipiga kelele. "Nani alikwambia anaweza kuchezesha timu? Jaribu Gervais!"

Gervais alikuwa beki, mpole na mwenye nguvu za nyati. Rafaeli alibeba jezi mpaka kwa mchungaji kwa mara ya tatu. Mchungaji aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Mzee mwenzangu, jezi hii imeombewa mpaka imechoka na maombi. Mungu alishasikia mara ya kwanza. Wewe ulisikia?"

Rafaeli alicheka kicheko kikavu. Hata hivyo Gervais aliivaa, na wakatoka sare.

Kwa kuwa timu nyingine nazo zilikuwa zinaangushana, ilibaki mechi moja ya kuamua, dhidi ya vijana wa Shanwe. Tumaini wakishinda, wamepanda. Sare isingetosha. Rafaeli alipanda baiskeli, akaenda Katumba. Alimkuta Pacifique na mama yake wakipalilia.

"Mwanangu, nimekosa," alisema. "Narudi kukuomba."

Séverine hakuinua kichwa. Jembe lake lilipanda na kushuka. Pacifique ndiye aliyejibu.

"Nitakuja, mzee. Mimi sikuichukia timu."

Siku ya mechi, Magamba nzima ilijaa kandokando ya uwanja. Pacifique alicheza kana kwamba amechorewa ramani. Aliupenyeza mpira katikati ya mabeki wawili, lakini Heri, aliyerudishwa pembeni, alichelewa kuanza kukimbia. Akapenyeza tena, mwingine alikimbilia upande wa pili. Kila pasi ilifika mahali pake, ila mahali pale hapakuwa na mtu. Wenzake walikuwa wamemsahau kabla ya kumzoea.

Kipindi cha pili, matokeo yakiwa bao moja kwa moja, walianza kumwelewa. Heri aliinua mkono kumwomba radhi, akaanza kukimbia mapema. Dakika za mwisho mpira ulipita juu ya mabeki wote wa Shanwe, ukaanguka taratibu mbele ya lango. Heri alinyoosha mguu. Ukampita hatua moja. Filimbi ikalia.

"Laiti ningekuzoea!" Heri alilia, amejilaza kwenye tope. Pacifique alimshika mkono, akamwinua.

Mtu alimvuta Rafaeli bega. Alikuwa Deo, macho mekundu, sauti imemkauka. "Mzee, kijana kama huyu! Kwa nini ulimtoa?"

Rafaeli alifungua kinywa ili amwambie, "Si wewe?" Kisha akakifunga. Midomo ilikuwa ya watu wengi, lakini mkono ulioivua ile jezi ulikuwa wake. Na Mungu alikuwa shahidi, kama alivyomwomba mwenyewe awe.

Asubuhi iliyofuata alifika tena Katumba. Hakuja na maneno. Sehemu ya shamba la Séverine iliyoachwa wakati Pacifique akiitumikia timu ilikuwa bado imefunikwa na majani yanayofika magotini. Mjane alimtazama, akaingia ndani, akatoka na jembe kuukuu lililolika kama kijiko, mpini wake umefungwa kamba ya mpira.

"Nina hili tu, mzee. Litakufaa?"

Rafaeli alilipokea kwa mikono miwili, kama Pacifique alivyoikabidhi jezi. Mpini ulicheza kiganjani mwake. Hakuupima, wala hakuuliza kama kuna jingine. Alikwenda mwanzo wa mstari, karibu na kijana aliyekuwa amekwisha kutangulia, akainama.

"Linalima," alisema.

Jua lilipopanda, mstari ulikuwa umefika mwisho, viganja vimetoka malengelenge, na kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze moyo wake ulikuwa umetulia. Ligi ilikuwa imekwenda, na haingerudi kwa toba. Alipumzikia juu ya ule mpini uliolegea, akaikumbuka methali aliyoijua tangu utotoni, na safari hii aliisema kwa sauti ili Pacifique aisikie: kweli, mchagua jembe si mkulima.