Chuo cha Milango Minne

Hapo zamani, katika mji wa Shungi, alikuwako mkata mmoja jina lake Mbaruku, mwenye mvi kichwani na kanzu ya viraka, ambaye kila asubuhi aliketi pamoja na watoto kujifunza kusoma. Mwalimu wao, Mwana Esha, alifundishia uani kwake, chini ya paa la makuti, pasipo kuta wala mlango. Watu wa Shungi mahali pa kusomea walipaita chuo, na kitabu nacho walikiita chuo, na sehemu za kitabu wakiziita milango. Naye Mbaruku alikuwa amefika mlango wa tatu, na hakuwa na tamaa nyingine duniani ila kumaliza chuo chake kabla hajafa.

Basi ikawa Sultani akatoa sheria ya elimu: "Chuo kisicho na milango minne kifungwe." Aliyeitunga ni Waziri, na fundi milango wa pekee mjini alikuwa shemeji yake Waziri. Askari wakaja kumwambia Mwana Esha kwamba Ijumaa watalibomoa banda. Mwana Esha akalia. Mbaruku akamwomba kile chuo anachosomea, akakitia kwapani, akaenda zake barazani kwa Sultani.

"Maulana," akasema, "nimeleta habari njema. Chuo cha Mwana Esha kina milango minne."

Waziri akasema huyu ni mwongo, banda lile hata mbuzi huingia bila kupiga hodi. Mbaruku akatoa kitabu kwapani, akamwonyesha Sultani mlango wa kwanza, na wa pili, hata wa nne.

"Hicho ni kitabu, mpumbavu wewe," akasema Waziri. "Sheria yataka milango ya mbao."

"Labda ni macho yangu, Bwana Waziri. Nionyeshe hizo mbao."

Ikaletwa sheria, imejalidiwa kwa ngozi nyekundu. Mbaruku akaisoma kwa kuunga herufi, polepole mno, hata watu wa baraza wakapiga miayo. Mbao hazikutajwa. Kisha akapekua kurasa tangu mwanzo hata mwisho, akatikisa kichwa.

"Maulana, hapa pana msiba. Chuo hiki cha sheria kina mlango mmoja tu."

"Basi?" akauliza Sultani.

"Basi sheria ni sheria."

Mbaruku akakifunga, akavua mshipi wake, akakifunga tena kwa fundo.

Sultani akalitazama fundo, akamtazama Waziri, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru chuo kile cha sheria kisifunguliwe tena, na Mbaruku atuzwe mlango mmoja katika ile aliyokwisha kuichonga shemeji yake Waziri. Mbaruku akaubeba kichwani mpaka uani. Kuta za kuutia hazikuwako, basi wakaulaza chini wakaukalia, na Mwana Esha akamkemea Mbaruku kwa kuchelewa, akamwamuru afungue mlango wa tatu.