Kijana Aliyeficha Msiba Siku ya Usaili

Ndugu yangu, isome hii taratibu, na kama kuna mtu wako anayetafuta kazi, mpelekee naye aisome.

Kijana Mbonea wa kule Usangi, milimani Upareni, alikuwa amekaa miaka minne bila kazi tangu amalize chuo. Siku moja kampuni ya bima mjini Moshi ikamwita kwenye usaili. Walitaka afisa wa madai, yaani mtu wa kupokea familia zilizofiwa na kuzisaidia kupata fidia yao. Siku iliyopangwa ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mama yake aliposikia alipiga magoti pale pale jikoni, akamshukuru Mungu.

Jumatatu yake, yule mama akafariki.

Wazee walikaa, wakapanga mazishi yawe Alhamisi hiyo hiyo saa nane mchana, kwa sababu mchungaji hakuwa na siku nyingine. Mbonea alipiga hesabu ya njia, akaona ataweza yote mawili. Mjomba wake, Mzee Mrutu, akamwambia, "Nenda. Lakini ukifika tu waambie una msiba. Wewe ndiye kifungua mimba. Udongo wa kwanza ni wako."

"Nitawaambia, mjomba."

Jumatano akashuka Moshi, akafikia kwa rafiki yake Kibacha, ambaye aliwahi kufanya kazi benki kwa miezi mitatu na tangu hapo akajiona mwalimu wa mambo yote ya fedha. Kibacha alimwazima koti. Kisha akaona kipande cha kitambaa cheusi ambacho dada yake Mbonea alikuwa amembania kifuani.

"Toa hicho."

"Ni cha mama, Kibacha."

"Najua, na pole tena. Ila hawa watu wa fedha hawataki mtu mwenye matatizo. Ukisema msiba, wanasikia ruhusa, wanasikia mkopo wa jeneza. Kesho unaingia mle unacheka. Hebu cheka nione."

Mbonea akajaribu.

"Huko ni kucheka au jino linauma? Rudia!"

Basi jioni ile, mama yake akiwa amelala mochwari, Mbonea alikitoa kile kitambaa, akasimama mbele ya kioo akijifunza kutabasamu. Akakariri maana ya ada ya bima, maana ya fidia, na nyaraka zote ambazo mrithi hudaiwa. Alikariri mpaka akawa anazitaja bila kupumua. Sala alisahau.

Asubuhi alifika mapema. Dada wa mapokezi akawauliza wote waliokuja, "Kuna mwenye dharura, tumtangulize?" Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akanyoosha mkono, akaingizwa kwanza. Mbonea aliutazama mkono wake mwenyewe, akauacha palepale juu ya goti. Kwenye orodha alikuwa wa tisa.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Simu mfukoni ilitetemeka mara nyingi, naye hakuipokea. Alipoitwa ilikuwa saa saba na nusu.

Ndani walikuwa watu watatu. Aliyeongoza alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, aliyeitwa Mama Kileo. Maswali ya kwanza Mbonea aliyajibu vizuri, na tabasamu lake halikukosea. Kisha Mama Kileo akaweka kalamu chini.

"Mzee mmoja ameingia ofisini kwako. Juzi amefiwa na mkewe. Ameketi hapo mbele yako. Unaanza kumwambia nini?"

"Namwomba cheti cha kifo, nakala ya bima, kitambulisho cha mrithi, barua ya serikali ya mtaa, na namba ya akaunti."

"Ndicho cha kwanza?"

"Ndiyo, mama. Naanza na cheti cha kifo."

Mama Kileo akamtazama usoni.

"Wewe mwenyewe umewahi kufiwa?"

Mbonea akatabasamu kama alivyofundishwa. "Hapana. Namshukuru Mungu, wazazi wangu ni wazima."

Wale wawili waliokaa pembeni wakainamisha vichwa.

"Mwanangu," Mama Kileo akasema, "kabla hujaingia tulimpigia mdhamini uliyemwandika, Mzee Mrutu, tumuulize habari zako. Alituuliza kama tumeshakuruhusu, maana jeneza liko uani na watu wanakungoja. Hapo hapo tukakubaliana kazi ni yako. Tukasema, mtu anayeujua msiba atawapokea wafiwa vizuri. Hata dereva nimemwambia awashe gari akupeleke. Tulingoja useme tu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi hujanikosea. Uliyemkana hayupo hapa." Akasimama, akaja upande wake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana kwa msiba. Hilo ndilo neno la kwanza tulilotaka kulisikia kwako. Kazi siwezi kukupa tena. Gari nenda nalo."

Gari lilikimbia, lakini mlima haukimbizwi. Lilipofika Usangi ilikuwa yapata saa kumi na moja, na mawingu mazito yalikuwa yameshuka. Wanaume walikuwa wanatoka migombani na majembe mabegani. Mzee Mrutu alimpita bila kumtazama.

Dada yake, Nakiete, alikuwa amesimama uani na ndoo ya maji, akiwanawisha waliotoka kaburini.

"Tulikungoja mpaka mvua ikaanza," akasema. "Udongo wa kwanza aliutupa jirani. Kazi umepata?"

"Nimekosa."

Nakiete hakumgombeza. Alichota maji kwenye kata, akamwinulia. "Basi njoo unawe, ule. Umetoka mbali."

Mbonea akanyoosha mikono chini ya kata, kisha akaitazama. Kila aliyekuwa akingoja kunawa alikuwa na udongo kwenye vidole. Yake ilikuwa safi.

Funzo: Usimfiche marehemu wako ili upendeze mbele ya walio hai, riziki hutoka kwa Mungu, na Mungu hahitaji uongo wetu ili atupe.