Kiuno cha Mstari wa Mbele

"Hivi huyu binti anakula?"

Swali hilo liliulizwa mbele ya wanakwaya ishirini na wawili, mchana kweupe, na hakuna aliyejibu. Mmoja alifungua daftari la nyimbo. Mwingine akakohoa. Mwalimu wa kwaya akasema, "Tuendelee na ubeti wa pili," wakaendelea.

Wapendwa, nipeni masikio yenu. Na nyie mnaochati pale nyuma, simu mfukoni tafadhali, maana mfano huu unawahusu kuliko mnavyodhani.

Kulikuwa na kwaya moja yenye jina mjini, na ndani yake binti mmoja ambaye akianza kuimba hata mlinzi wa geti alikuwa anasogea dirishani. Kwaya ikaamua kurekodi video. Mwalimu akawakusanya, akasema, "Jamani, siku hizi watu wanasikiliza kwa macho. Mstari wa mbele nataka kiuno kisichozidi inchi ishirini na nane. Wenye miili, Mungu awabariki, nyuma kuna nafasi."

Fundi wa sare, mama mtu mzima anayeimba sauti ya pili, alikuwa tayari na futi yake mkononi. Akauliza, "Mwalimu, kwani siku hizi tunaimba kwa viuno?"

Watu wakacheka. Na nyie mnacheka? Subirini.

Binti akapimwa. Thelathini na tatu. Mwalimu hakumtukana. Angemtukana, pengine binti angekasirika na yakaisha. Alimtania. "Mamii, sauti yako ya mbele, mwili wako wa nyuma. Sasa tukugawe?" Kwaya nzima ikaangua kicheko, na binti naye akacheka, kwa sababu usipocheka utaambiwa huna utani.

Akaenda nyumbani kumweleza mama yake. Sasa sikilizeni hapa. Mama huyo naye aliwahi kuimba kwenye kwaya hiyo hiyo, enzi zake. Mnajua enzi hizo mstari wa mbele walikaa akina nani? Wanene! Wembamba walifichwa nyuma, wageni wasije wakasema kanisa hili lina njaa. Mama alikuwa mwembamba, wakamwita fito, na alikunywa uji wa karanga asubuhi na jioni huku anatapika, ili naye asogezwe mbele. Unadhani mtu aliyepitia hayo atamwambia nini mwanawe?

Alimwambia, "Mwanangu, mimi nilijilazimisha kula. Wewe jilazimishe kuacha. Utazoea."

Basi binti akatangaza kwamba amefunga.

Akili hiyo! Kwetu sisi watu wa maombi, mtu akisema nimefunga, nani atamuuliza zaidi? Kumuuliza ni kukosa adabu. Wiki ya kwanza wakamwambia, "Mungu akutie nguvu, dada." Wiki ya tatu wakamwambia, "Yaani maombi yanakupendeza!" Wiki ya tano dada mmoja wa sauti ya kwanza akamvuta pembeni: "Shoga, na mimi niombee nipungue hapa ubavuni." Kila alipopoteza nyama, alipata sifa. Fundi akabana gauni mara moja, akabana mara ya pili. Mara ya tatu pini zilikuwa zinagonga mfupa, ndipo akageuka akawauliza wenzake lile swali ambalo halikujibiwa.

Jumapili ya uzinduzi wa video ikafika. Kanisa limejaa, kamera zimewashwa, binti yuko katikati ya mstari wa mbele, kiuno ishirini na saba. Akaimba ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili akaanguka.

Unadhani watu walifanyaje? Walipiga vigelegele. "Bwana asifiwe! Kashukiwa!" Akina mama wakamfunika miguu kwa kanga, kama tunavyofanya siku zote. Mpiga kinanda akapandisha sauti. Mpiga picha akasogea karibu ili asikose tukio. Kwaya ikaimba ubeti wa tatu, ikarudia kiitikio, binti yuko chini.

Fundi akashuka kutoka nyuma, akapiga magoti, akamshika mikono.

"Zimeni hicho kinanda! Huyu mtoto ana njaa!"

Mhudumu mmoja akamnong'oneza, "Mama, usimzuie Roho."

"Roho gani, baba? Mguse! Ni wa baridi kama bomba la maji. Leteni gari!"

Wakampeleka hospitali. Daktari akasema moyo umechoka, akamwita mama yake kando: asipoanza kula, mtampoteza. Siku ya nne binti akakubali mtori wa ndizi. Mama yake ndiye aliyeupika, analia, anakoroga. Binti akameza kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mama akahesabu kila kijiko kama anayehesabu pumzi.

Mlango ukafunguliwa. Wanakwaya wamekuja kumjulia hali, na maua, na juisi, na nyuso za huruma. Wakaomba. Wakasema amina. Kisha yule dada wa sauti ya kwanza akamtazama binti kuanzia kichwani mpaka miguuni, macho yakamng'aa, akasema, "Pole sana, shoga. Lakini mwili umekaa, jamani! Ulifanyaje?"

Binti akatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe, akatabasamu.

Akakirudisha kijiko kwenye bakuli, akalisukuma.

Sasa hamcheki, eeh?

Niambieni nani alimuua binti yule kwa njaa. Mwalimu? Mwalimu alisema neno lake siku moja tu. Sisi tuliendelea nalo majuma sita, kwa upendo, kwa maombi, kwa "umependeza." Na najua kuna kaka hapo katikati ameshaandaa hoja: "Dada, tunajali afya." Afya? Ulimuuliza lini kuhusu usingizi wake? Ulimpima lini damu? Ulimwangalia kiuno, ukaita macho yako daktari! Na kuna dada anayesema, "Mimi nilikuwa namsifia tu." Ndiyo. Ulimsifia kwa kupotea kwake, naye akajifunza kwamba akipotea zaidi atapendwa zaidi.

Bibi zetu walinenepeshwa. Mama zetu wakachekwa. Sisi tunafunga mikanda ya tumbo chini ya gauni la ibada, tunameza vidonge ambavyo hata majina yake hatujui kuyasoma, na miaka kumi ijayo watatuletea kipimo kingine, nasi tutapanga mstari kama kawaida. Bwana wetu alipowaketisha watu kwenye majani awalishe, alisema wenye viuno vikubwa wakae nyuma? Alisema wale nusu? Walikula wakashiba, wote. Sisi tumetoa wapi mamlaka ya kumnyima mtu mkate ambao yeye ameubariki? Tena kwa jina la kufunga! Nina hasira, siwafichi. Nina hasira kwa sababu hapa ndani, leo, kuna dada ameniambia amefunga, na mimi mwenyewe nilimjibu, "Hongera."

Baada ya ibada kuna chakula pale nje, wali na maharage. Naomba ukae karibu na mwenzako mle pamoja, na usiseme neno lolote kuhusu mwili wake.