Farasi wa Shekue na Waganga Watatu

Jamani, masikio mnayo?
Tunayo!
Niyamwagie ngano?
Imwage tuisikie!

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisema na watu, aliishi mchukuzi jina lake Shekue. Alikuwa na Farasi mmoja jike, wakibeba chumvi kutoka pwani kwenda bara.

Siku moja Farasi akatumbukiza mguu wa nyuma shimoni. Mshipa ukavimba, ukawa wa moto, akabaki kusimama kwa miguu mitatu.

Mara Fisi akatokea. "Pole, Bwana Shekue. Mwezi wa tatu ukiandama naye bado anachechemea, niachie mimi."

Shekue alikuwa amechanganyikiwa. Akasema, "Haya," kisha akajiuliza amekubali nini.

Akaenda kwa Kobe. Kobe akasema, "Mpumzishe. Asipige hata hatua."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akasema, "Mtie mtoni. Maji yatambebea uzito."

Akaenda kwa Swala. Swala akasema, "Mtembeze. Asipotembea, mguu utakakamaa."

Shekue akarudi kichwa kikimzunguka. Apumzike au atembee? Akae pakavu au majini? Basi akafanya yote. Asubuhi alimfunga, adhuhuri akamtia mtoni, alasiri akamtembeza. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Farasi akalala chini, hataki kuinuka.

Fisi akapita. "Umefuata shauri la nani?"

"La wote."

"Vizuri sana. Endelea, ila umkimbize zaidi."

Shekue akashangaa. Tangu lini Fisi akamtakia Farasi afya? Akaketi ubavuni mwa Farasi. "Mwenzangu, mimi sielewi tena. Wewe wasikiaje?"

Farasi akasema, "Leo ndiyo umeniuliza. Mguu unawaka. Niache nilale. Ukipoa nitakwambia."

Shekue akamwacha. Mwezi wa kwanza ukaandama. Farasi akasema, "Sasa nipeleke majini." Kila asubuhi wakaenda mtoni, maji yakimfika tumboni. Mwezi wa pili ukaandama. Farasi akasema, "Sasa nitembeze, polepole." Leo hatua kumi, kesho ishirini. Siku nyingine alichechemea tena, na Shekue akataka kukata tamaa, asijue kama wanakwenda mbele au wanarudi nyuma. Lakini alimuuliza, na Farasi akamjibu, "Leo tupunguze tu."

Mwezi wa tatu ukaandama. Fisi akaja na wanawe, wote wana njaa. Farasi akapita mbele yao, hachechemei.

Fisi akasema, "Mimi sidanganywi. Nitaukagua mguu huo mwenyewe." Akazunguka nyuma, akainama. Farasi akampiga teke moja la kiunoni. Fisi akaondoka akiburura mguu, na wanawe nyuma yake.

Shekue akauliza, "Basi kati ya wale watatu, nani alisema kweli?"

"Wote," Farasi akasema. "Ila hawakusema lini."

Basi wenzangu, hilo ndilo funzo. Dawa njema ikitolewa wakati si wake, huumiza. Mgonjwa akiwa na ulimi, muulize kwanza yeye.

Ngano yangu nimeitua hapa, mgongo umechoka. Mwenye nguvu aibebe aende nayo kwao.