Kanga Nyekundu Ng'ambo ya Bonde

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Ioneni milima miwili ya Upare inayotazamana, na katikati yake bonde la migomba. Mlima wa huku una mwamba mpana, na juu ya mwamba amesimama mwanamke mwenye gauni la bluu. Ng'ambo, mwanamke mwingine anapalilia maharage, kanga nyekundu begani. Wa huku anaimba. Wa kule ameinamia jembe, anasikiliza. Mmewaona? Basi msiwaache, tutawahitaji.

Hapo zamani, huyo mwanamke wa mwambani aliitwa Nakijwa, naye alikuwa mwimbaji wa opera. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemezani, wanaimbiana. Mfalme akitaka maji ya kunywa, anaimba. Mgonjwa akikata roho, anakata roho akiimba, tena kwa sauti kubwa kuliko alipokuwa mzima. Na yote hayo bila kipaza sauti. Nakijwa aliimba hivyo katika nchi za mbali hadi jina lake likajulikana. Kisha akarudi kwao, akajenga nyumba ya kuimbia kando ya mwamba, akaanza kufundisha.

Mtihani wake ulikuwa mmoja. Mwanafunzi alisimama mwambani akaimba kuelekea ng'ambo, kwa jirani yake, Mama Foibe. Sauti ikimfikia nzima, na maneno yake yote, Mama Foibe aliinua kanga. Ikifika vipande vipande, aliendelea kupalilia. Hakuinua kwa huruma, hakuinua kwa undugu. Hata mjukuu wake mwenyewe aliimba, bibi akapalilia.

Miaka ikaenda, Nakijwa akaugua kifua. Asubuhi moja alipanda mwambani mbele ya wanafunzi wake, akaimba. Wanafunzi wakapiga makofi. Naetwe, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko wote, akasema, "Mwalimu, bado wewe ni yule yule!"

Ng'ambo, Mama Foibe alinyanyuka, akaishika kanga yake. Halafu akainama, akapalilia.

Nakijwa aliyaona hayo. Akashuka, na hakuimba tena. Tangu siku hiyo alifundisha tu, kutwa nzima, kama mtu anayehama nyumba na kugawa vyombo.

Alipokaribia kufa alimkabidhi dada yake ufunguo wa nyumba ya kuimbia. "Mpe mmoja tu," akasema, "wasije wakaivuta huku na huku. Mpe yule aliyeihifadhi sauti yangu."

Matanga yalipokwisha, dada mtu aliwaita watu mwambani. Wakajitokeza watatu.

Wa kwanza alikuwa Naetwe. Aliimba. Wazee wakafuta machozi, maana ilikuwa sauti ya marehemu, pumzi kwa pumzi.

"Shangazi," akamwambia dada mtu, "kila jukwaa ninalopanda nalitaja jina lake kwanza. Watu wasiomjua wanamsikia kooni mwangu. Nipe nyumba. Nitaweka humo magauni yake na picha zake, na kila mwaka nitakuja kumwimbia, asisahaulike."

Wa pili alikuwa Elinihaki, mwanafunzi wa zamani ambaye sauti yake iliharibika angali kijana.

"Mimi nakoroma kama chura, mnanijua," akasema, na watu wakacheka. "Lakini mwalimu alipolala kitandani, aliniambia mimi, nami nikawaambia watoto wa bonde hili. Wanajua kuvuta pumzi, wanajua kulitoa neno likafika. Tunafundishana barazani kwangu, na mvua ya upepo ikija tunalowa sote. Nyumba ikiwa ya magauni, watoto wataimbia wapi?"

Naetwe akacheka. "Kaka, una watoto wengi, ila sauti yake haimo hata kwa mmoja. Kuku nao ni wengi."

"Na wewe unayo moja tu, dada. Siku ukishikwa na mafua, mwalimu atakufa mara ya pili."

Ndipo Mama Foibe akapanda mwambani, polepole, akishika goti.

"Hata wewe, mama?" Naetwe akamtania. "Wimbo wako tunaujua, ni ule wa kuitia mbuzi."

"Na mbuzi hurudi, mwanangu. Wewe ukiimba, nani hurudi?"

Watu wakaangua kicheko, Naetwe naye akacheka. Mama Foibe akangoja wanyamaze.

"Mimi sikuimba," akasema. "Lakini sauti isiyo na wa kuisikiliza ni upepo. Siku ile nyinyi mlimpigia makofi. Mimi mkono ulitaka kupanda, nikauzuia, na nilimpenda kuliko nyinyi nyote. Jioni alivuka bonde, akaketi jikoni kwangu, akaniambia, 'Foibe, ahsante. Sasa najua niharakishe nini.' Elinihaki, uliyofundishwa, ulifundishwa kwa sababu kanga haikupanda. Na wewe Naetwe, nani alikurudisha kwa mwalimu mara kwa mara mpaka sauti hiyo ikakomaa? Nipeni ufunguo. Hataimba mtu humo kwa kusifiwa bure."

"Na siku masikio yako yakichoka, mama?" Elinihaki akauliza kwa upole.

Mama Foibe aliikaza kanga yake kiunoni.

Dada mtu akasimama, ufunguo umo ndani ya kiganja. Wingu lilikuwa linatanda. Watoto wakaitazama nyumba. Naetwe akautazama mwamba chini ya miguu yake. Mama Foibe akatazama ng'ambo, shambani kwake, ambako sasa hapakuwa na mtu.

Haya, fumbueni macho. Nakijwa alisema apewe mmoja tu, yule aliyeihifadhi sauti yake. Je, nani alistahili ufunguo: aliyeibeba kooni, aliyeigawa kwa watoto, au aliyeisikiliza na kuisemea kweli? Bishaneni, mimi sina haraka. Ila kabla hujanyoosha mkono, nakuomba ukumbuke kitu kimoja: asubuhi ile shambani, na kanga iliyoshikwa, ikaachwa.