Suni Ilipokuwa Sasa Hivi

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo, mmekula kweli? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mkorowe walisema Kiingereza. Usinitolee macho, wewe. Kwenye ngano hatudai cheti cha shule. Walikuwa na neno moja, soon, ambalo sisi tutalitamka suni. Siku hizo maana yake ilikuwa "sasa hivi". Wajuao Kiingereza cha kale watawaambia hivyohivyo. Ukisema suni, mguu umeshainuka.

Basi siku moja Ngiri, mkubwa wa bonde, aliitwa kazini naye yumo matopeni anaoga. Akajibu, "Suni!" Akaoga, akajikausha, akalala kidogo. Nani amkemee mkubwa? Wote wakasema, "Kumbe suni ina nafasi ya kuoga!" Kesho yake Fisi akaongeza nafasi ya kula. Nguchiro, asiye na kazi wala shamba, akaongeza nafasi ya kufikiria.

Kiangazi kikafika, nyasi zikashika moto. Kanga alikuwa ameatamia mayai kumi na mawili. Akapiga ukelele:

"Jirani Ngiri, wanangu wanaungua!"

"Suni, mama!"

"Jirani Fisi, wanangu wanaungua!"

"Suni, mama!"

"Jirani Nguchiro, hata wewe, wanangu wanaungua!"

"Suni kabisa, mama!"

Kanga akangoja. Alilelewa kuamini neno. Moshi ulipomfikia machoni ndipo akaanza kusukuma mayai kwa mdomo: moja, mawili, matatu. La nne halikuuvuka moto.

Majirani wakafika na maji, majivu yameshapoa. Ngiri akakunja uso. "Mbona hukutungoja?"

"Haraka haraka haina baraka," Fisi akamkumbusha.

Kanga alilia mayai yake tisa siku saba, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Masika ikaja, mto ukafurika, ukamzoa mtoto wa Ngiri. Ngiri akalia, "Fisi!" "Suni, mzee!" "Nguchiro!" "Suni, mzee!" "Kanga! Kanga! Kanga!" Kimya.

Kanga alikuwa majini tayari, amemng'ata mtoto sikio, anamvuta ukingoni.

Ngiri akamkumbatia mwanawe, akamfuta tope, akashusha pumzi. Kisha akamgeukia Kanga.

"Nimekuita mara tatu hukuitika. Adabu yako imekwenda wapi?"

Hadithi yangu imekomea hapo. Koo limekauka, atakayeniletea maji, asinijibu kwanza.