Mwenyekiti Kiboko na Mbwa wa Njia ya Baiskeli

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakifunga mageti na kuwasengenya majirani kama tufanyavyo sisi, palikuwa na mtaa wa wakubwa pembezoni mwa mji. Kila geti lilibandikwa kibao: MBWA MKALI. Ukali wenyewe uko wapi, wanangu? Mbwa wale walikuwa wamechoka tu. Usiku walilinda, mchana walifungwa minyororo, na mabwana zao hawakuwapa hata salamu.

Aliyewakumbuka ni Bi Nguchiro peke yake. Mdogo, mwembamba, na mdomo wake mwepesi kuliko miguu. Kila asubuhi alipita geti kwa geti, "Hodi! Hodi!", akawafungua mbwa, akazishika kamba zao zote, na kundi zima likaenda kutembea bustanini kwa njia ya baiskeli.

Hapo ndipo ungewaona mbwa! Huyu ananusa nguzo, yule anajigaragaza kwenye nyasi, mwingine anamsalimia kila kipepeo. Mbwa mzee aliyeitwa Mtasema, wa nyumbani kwa Kiboko, alikuwa na kidonda cha mnyororo shingoni.

"Dada Nguchiro," alikuwa akisema, "asubuhi hii ndiyo inayonifanya nijione mbwa. Siku iliyobaki mimi ni kufuli tu."

Sasa, huyo Kiboko ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mtaa. Alijinunulia baiskeli, akajibana ndani ya kaptura mpaka kaptura ikaomba msaada, akavaa na kofia ngumu kichwani. "Kring! Kring! Pisheni! Pisheni!" Njia ilikuwa pana, ya kuwatosha wote, lakini yeye aliitaka yote.

Mara kinyesi kikaanza kuonekana njiani. Tena si kidogo! Kimetapakaa kwenye njia, kwenye viti vya kupumzikia, hata juu ya ua wa michongoma. Kiboko akaitisha mkutano.

"Ni mbwa!" akanguruma. "Mbwa wa huyu Nguchiro wanatuchafulia mtaa! Kuanzia Jumamosi ni marufuku mbwa kukanyaga bustanini. Wafungwe, wabaki wamefungwa!"

Bi Nguchiro akaruka juu ya kiti, manyoya ya mkia yamemsimama kwa hasira.

"Huo ni uongo, Mwenyekiti! Mbwa wangu wanakula ugali na mifupa. Kinyesi hiki ni majani matupu! Nani hapa analisha mbwa wake majani? Tena mimi nawafuata na koleo, wakichafua nazoa!"

"Toka lini kanguchiro kakatufundisha habari za kinyesi?" Kiboko akacheka, "Kha! Kha! Kha!"

Nyati, makamu wake, akatikisa pembe. "Mwenyekiti akishasema, amesema."

Twiga naye akasema, "Mimi sijaona mbwa wakichafua, lakini sijaona pia wasipochafua." Angeona nini yule, na macho yake yapo juu ya miti siku zote?

Wakapiga makofi, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeinama kukitazama kinyesi. Hakuna! Wanangu, mimi nikifika hapa damu hunichemka. Mtu anasema kweli tupu, anachekwa kwa sababu ni mfupi!

Alfajiri ya kesho yake, Bi Nguchiro akajibanza ndani ya michongoma. Mara, kring! kring! Kiboko huyo. Akashika breki, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainua kamkia kake kafupi.

Pata-pata-pata-pata!

Mkia ukazunguka kama feni, kinyesi kikaruka huku na huku. Kiboko akashusha pumzi. "Aaah! Mbwa hawa ni wachafu kweli," akajisemea, akacheka peke yake, akakanyaga pedali akaenda zake.

Bi Nguchiro alitetemeka kwa hasira mpaka miiba ikamchoma. Ama kweli! Yeye achafue, kisha shingo ya Mtasema ndiyo ilipe! Alitaka kupiga kelele mtaa mzima uamke. Lakini akajiuliza, nikisema nimeona, nani ataniamini? Watasema nimeota. "Basi," akanong'ona, "nisiseme. Waone wenyewe."

Asubuhi hiyohiyo akabisha hodi kwa Kiboko, kichwa ameinamisha, sauti ameilainisha.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nimekuja kuomba radhi. Uliyosema ni kweli."

"Marahaba. Umeona, eeh?"

"Nimeona kabisa, Mwenyekiti, kwa macho yangu. Sasa jambo kubwa namna hii lisipite kimyakimya. Jumamosi tufanye sherehe ya njia safi! Mbwa wote wafungwe, wakubwa wote wavae nguo nyeupe, maana hakutakuwa na wa kuwachafua. Wewe mbele na baiskeli yako, wao nyuma yako."

"Mimi mbele?" Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Nani mwingine? Na vinywaji niachie mimi. Wewe nitakutengenezea pipa lako peke yako. Juisi ya ukwaju."

"Yenye sukari?"

"Sukari nyingi, Mwenyekiti."

Jumamosi ikafika. Kiboko mwenyewe alipita kila nyumba kuhakikisha mbwa wamefungwa. Kacha! Kacha! Mtasema alipomwona Bi Nguchiro akipita na pipa, aligeuza uso.

"Na wewe pia, dada?" akauliza.

Neno lile lilimchoma Bi Nguchiro kuliko miiba yote. "Vumilia kidogo, mzee wangu," akasema. "Na ukisikia kelele, bweka kwa nguvu zako zote."

Kiboko akaliinua pipa. Gu! Gu! Gu! Akalimaliza, akalamba na kingo zake. Kisha akapanda baiskeli. Nyuma yake Nyati, kanzu nyeupe pee. Nyuma ya Nyati, Twiga na shuka jeupe refu kama pazia la ukumbi. Na wakubwa wengine wote.

"Mtaa safi, oyee!"

"Oyeee!"

Walipofika katikati ya bustani, tumbo la Kiboko likasema, "Gurururuuu."

Kiboko akakaza meno. Akakanyaga pedali haraka, jasho linamtoka.

"Mbona mbio, Mwenyekiti?" akauliza Nyati, akimsogelea nyuma kabisa.

"Usinisogelee! Sogea nyum..."

PATA-PATA-PATA-PATA-PATA!

Lo! Lo salaale! Nyati mavi yakamjaa usoni. Twiga, ambaye ya chini hayakumhusu, safari hii yalimpanda mpaka shingoni. Kanzu zote zikawa rangi ya majani.

"Jamani!" Bi Nguchiro akapiga ukelele, amejishika kiuno. "Ni mbwa gani huyo? Mkamateni!"

Kutoka mbali, nyuma ya geti lililofungwa, Mtasema akabweka, "Bwe! Bwe! Bwe!" Mbwa wengine wakaitikia, kila mmoja kwenye mnyororo wake.

Wakubwa wakasikiliza. Wakatazamana. Nyati akajifuta usoni, akaangalia alichojifuta.

"Ni majani," akasema polepole. "Majani matupu."

"Tumbo limeniharibikia leo tu!" Kiboko akalia. "Ni ajali!"

"Na ya juzi?" akauliza Nyati. "Na ya kila siku?"

"Na mimi nilisema nini mkutanini?" Bi Nguchiro akafoka, sasa hasira yake yote imetoka nje. "Nilisema mkacheka! Mngeinama mara moja tu, msingekuwa mnanuka hivi leo! Haya, funguo za minyororo ziko wapi?"

Hakuna aliyekumbuka kusema Mwenyekiti amesema. Wakamgeukia Kiboko kwa pembe na kwato. Akatupa baiskeli, mbio, chubwi! ndani ya bwawa la bustani. Yuko humo mpaka leo. Mchana huacha macho na masikio tu juu ya maji, na kula majani hutoka usiku, kwa aibu.

Na kila asubuhi Mtasema hupita hapo, shingo imepona, ananusa nguzo yake bila haraka. Akifika bwawani husimama, akachuchumaa, akajisaidia taratibu, kisha Bi Nguchiro akapita na koleo lake.

Basi wanangu, kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, geuka kwanza uutazame mkia wako.